Dakika Ndefu ya Kidude cha Matone

Vijana wa karakana, mmeniomba niwaandikie habari za osileta, nami nimeahirisha tangu msimu wa senene. Sababu ni mbili. Shule yangu iliishia darasa la saba huko Kanazi, na ninyi mna vyeti vilivyotiwa fremu. Halafu, kila nikishika kalamu, inakwenda yenyewe kwenye siku ya mtoto Projestus, na siku ile hata leo hunikausha mate. Nilitaka nianze na mambo mepesi. Nitajaribu, ila siahidi.

Osileta ni kitu kinachopiga, basi. Prosesa haifanyi lolote mpaka ipigiwe: likija pigo inasogea hatua, likija lingine inasogea nyingine. Mmeona watu wakilima pamoja kwa wimbo. Mwimbaji akiharakisha, majembe yanaharakisha, na chakula cha mchana kinaliwa mapema. Betri ndiyo chakula chenyewe. Kwa hiyo kazi yetu ya miaka ile ya mwisho ilikuwa kutengeneza mwimbaji anayepunguza wimbo pasipo na kazi, anayeupandisha ghafla kazi ikitokea, kisha anashuka tena. Na awe mdogo. Na yeye mwenyewe asiwe mlaji, maana kuna osileta zinazokula kuliko prosesa zinayoipigia, kama mwimbaji anayemaliza chungu kabla wakulima hawajanawa mikono.

Nasema "kazi yetu" lakini nisijipe cheo. Aliyechora ni Injinia Devotha. Mimi nilikuwa nafanya kutyuni tu, yaani kurekebisha kasi ya mapigo kwa skrubu, kwa mkono, kwa sababu nilitoka kwenye redio na mkono wangu ulizoea.

Kuhusu kutyuni ninalo jambo moja ninaloliamini, mengine mtauliza wengine. Msitumie bisibisi ya chuma. Siku zangu za kwanza kwenye redio nilikuwa nazungusha skrubu mpaka stesheni inasikika vizuri, naondoa bisibisi, stesheni inatoroka. Nikirudisha bisibisi, nayo inarudi. Nilihangaika hivyo asubuhi nzima nikaanza kuwaza mambo ya mapepo. Ta Mutalemwa, fundi aliyenifundisha kazi, alikuwa ameketi akitafuna kahawa, ananitazama tu. Aliponihurumia akanipa mswaki wake wa zamani, mpini wake ameuchonga kwa wembe ukawa bisibisi.

"Chuma chako kikikaribia, kinaingia kwenye redio," aliniambia. "Hata kidole. Ukikaribia, na wewe ni redio."

Tangu hapo nyumbani kwangu miswaki haikukaa. Mke wangu aliwahi kuwaambia wageni kwamba ameolewa na mtu anayepiga redio mswaki kuliko meno yake.

Ta Mutalemwa ndiye aliyenifundisha pia nta. Hili lazima nilieleze vizuri, maana mbele mtalihitaji. Zamani ukishatyuni redio, ulikuwa hujamaliza. Mtu ataifunga kwenye baiskeli aende nayo Muleba, barabara ni ya mawe, na skrubu uliyoiweka kwa saa nzima italegea kabla hajafika. Hapohapo kuna unyevu wa ziwa, unaingia kila mahali. Kwa hiyo jambo la mwisho kabisa, baada ya kupima, ni kuwasha mshumaa na kudondosha nta juu ya skrubu na koili, ikagande. Ndipo unafunga kifuniko. Kila fundi wa Bukoba niliyemjua alifanya hivyo, na kama kuna aliyepima tena baada ya nta, mimi sikumwona. Hakukuwa na sababu. Kapasita za redio zile, yaani vihifadhi vyake vya umeme, zilikuwa kubwa, tone la nta halikuzibadilisha.

Ta Mutalemwa alikuwa Mlutheri, lakini alishikilia kwamba nta nzuri ni ya vipande vya mishumaa ya Kanisa Katoliki. Mtunza sakristia mmoja alikuwa akimwekea. Alisema redio nyingi za mkoa huu zimekuwa za Kikatoliki kupitia mkono wake bila hata kubatizwa. Mimi Mkatoliki nilikuwa nacheka kidogo tu, nisije nikaonekana nimekubali.

Sasa Devotha. Ni binti wa Muleba, amesoma Dar, akafanya kazi mbali kwenye kampuni ya kuchora saketi ndogo sana. Alirudi kumuuguza mama yake. Mama alipopata nafuu hakuondoka, akaja kupanga chumba cha nyuma cha karakana yetu pale Nyanga, chenye dirisha linaloangalia migomba. Mimi nilidhani atatudharau. Niseme ukweli, hakutudharau hata siku moja, na mimi ndiye niliyekuwa nimemdharau kwa kudhani hivyo. Ta Mutalemwa alimwita mwana wange, yaani mwanangu, naye akamwachia amwite hivyo hata mbele ya wageni wa serikali.

Alikuja na wazo la kidude cha matone. Mnakijua, lakini kuna watakaosoma hawakijui. Mgonjwa akiwekewa dripu, maji yanadondoka tone moja moja kwenye kikombe kidogo cha plastiki kilichoko kwenye mrija, na nesi anahesabu matone ya dakika moja ili ajue yanakwenda kwa kasi aliyoagiza tabibu. Vituo vyetu vina nesi mmoja kwa wodi mbili, tatu. Hana dakika ya kusimama. Kidude kinabanwa kwenye kikombe kile, kina taa na jicho. Tone likipita kati yake, kinahesabu, na kwenye kioo chake kinaandika matone kwa dakika.

Ugumu ulikuwa uzito na betri. Kikiwa kizito kinavuta mrija. Kwa hiyo betri ni ile ya kidonge, na betri ya kidonge haikubali prosesa iliyo macho muda wote. Devotha akaamua prosesa ilale baina ya tone na tone, mapigo yakiwa ya polepole kabisa, ya kuhesabu muda tu. Tone likipita, mapigo yapande papo hapo, hesabu ifanyike, yashuke.

Ta Mutalemwa alitaka kristali, kama ile ya saa ya mkononi, kwa kuwa kristali haidanganyi. Walibishana siku kadhaa, kwa heshima, lakini walibishana. Devotha alisema kristali haidanganyi ila inachelewa kuamka, na kwamba kidude hiki kitaangushwa sakafuni, kristali nayo haipendi sakafu. Yeye alitaka osileta ya risista na kapasita, inayoamka mara moja, yenye skrubu ya kuityunia na ngazi mbili za kasi ambazo prosesa yenyewe inachagua. Na ili kupunguza ukubwa zaidi, kapasita yenyewe hakuinunua. Aliichora. Mistari miwili ya shaba kwenye bodi, inakaribiana kama vidole vya mikono miwili bila kugusana, basi hiyo ndiyo kapasita. Niliipenda sana. Sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo kikiwa hakina bei.

Nimewaambia wote wawili kwamba nitaandika mabishano hayo, na kila mmoja amesema niandike kwamba mwenzake alikuwa na hoja. Basi nimeandika.

Tukatengeneza vitatu vya kwanza. Mimi nilivityuni kwa mpini wa mswaki, Devotha akisoma mita, na kila kimoja kilipotoka mkononi mwangu dakika yake ilikuwa dakika. Hilo nina hakika nalo, na Devotha pia ana hakika. Ta Mutalemwa akavipokea kwa ajili ya kumalizia. Vifuniko vikafungwa. Viwili Devotha akavipeleka kituo kimoja cha afya upande wa Muleba, ambako alikuwa ameomba ruhusa vijaribiwe, akamwachia nesi Kokushubira na maneno kwamba siku za mwanzo ahesabu na kwa saa pia. Kimoja kikabaki kwenye meza yetu.

Nimefika kwenye siku yenyewe, na bado sijui kama nimewaandaa vya kutosha.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Simu ya Devotha ikaita, akaiweka sauti ya nje kwa kuwa mikono yake ilikuwa na risasi ya kulehemu. Ni nesi Kokushubira. Alisalimia, akasema ana mtoto wa kiume, Projestus, mdogo hajaanza shule, ameletwa asubuhi anaharisha na kutapika mpaka macho yamezama. Tabibu amempa maji ya kwanza ya haraka, kisha ameagiza matone sitini kwa dakika, halafu akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine kijijini. Kidude kinaonyesha sitini. Kimeonyesha sitini tangu hapo.

"Lakini chupa haishuki," alisema. "Kwa muda huu ingekuwa imefika chini. Na mtoto ukimfinya ngozi haijarudi. Naomba mniambie, kidude hiki kinasema kweli?"

Devotha alimwuliza kama amehesabu kwa saa. Nesi alisema alihesabu siku ya kwanza, kwa mgonjwa mmoja mzee, akaona tofauti, akadhani amekosea yeye kwa kuwa aliitwa katikati ya kuhesabu. Leo ana mama anayejifungua chumba cha pili. Saa ya ukutani imesimama. Sauti yake haikuwa ya kulaumu. Afadhali angelaumu.

Vijana, mnajua kwamba prosesa haiwezi kujua yenyewe kama imechelewa. Dakika yake inaitoa kwenye mapigo yake. Mapigo yakiwa mazito, dakika inakuwa ndefu, na ndani ya dakika ndefu yanaingia matone mengi zaidi. Kwa hiyo kidude kinaandika sitini kwa moyo safi, na mtoto anapata pungufu. Nilikuwa nalijua hilo kwa kichwa. Siku ile nililijua kwa tumbo.

Nilimwambia nesi aweke simu kitandani, atazame matone, atamke hesabu kwa sauti, sisi tutamwambia aanze na aishie wapi kwa saa yetu. Ta Mutalemwa alivua saa yake akaiweka mezani. Devotha akasema anza.

Tukamsikia. Moja, mbili, tatu. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke anayeomba kwa Kihaya, taratibu, nikajua ni mama wa mtoto. Mkono wa saa ulipozunguka nusu, nesi alikuwa ishirini na kitu. Nilitaka aharakishe, kana kwamba matone ni yeye. Devotha alipotamka "basi", nesi alikuwa amefika arobaini na tano.

Nesi akauliza, "Ngapi mlitaka?"

Devotha alifunika simu kwa mkono wenye risasi akatuambia kwamba tusikurupuke. Kama tumehesabu vibaya, kama mtandao umechelewesha sauti, tukamwambia afungue zaidi na kumbe ilikuwa sahihi, mtoto atajaa maji kwenye mapafu. Alikuwa na haki. Mimi nilikuwa tayari kusema fungua. Hapo ndipo ninapojiuliza hadi leo ningefanya nini kama ningekuwa peke yangu, na jibu silipendi.

"Ahesabu tena," alisema Ta Mutalemwa.

Nesi akahesabu tena. Safari hii Devotha aliangalia saa ya simu yangu, Ta Mutalemwa ya kwake, mimi nilifumba macho nikahesabu kwa pumzi kama tulivyokuwa tunafanya utotoni. Arobaini na nne au tano.

Devotha akamwambia akitoe kidude kile kwenye mrija na asikiguse tena. Afungue kigurudumu cha kubana mrija kidogo, sisi tuhesabu pamoja, afungue tena kidogo. Nesi akasema sawa. Tukaanza kuhesabu. Alipofika thelathini na kitu, simu ikakatika.

Tulipiga. Haipatikani. Tulipiga tena mpaka sauti ya yule mwanamke wa mtandao ikawa kama anatukejeli. Na hapo Devotha akakumbuka kidude cha pili kiko kabatini kwa nesi, na huenda mtu mwingine, nesi wa zamu inayofuata, atakibana kwa mgonjwa mwingine bila kujua.

Nilisema naenda. Jirani yetu mmoja alikuwa anapakia ndizi kwenye pikapu aelekee huko, nikapanda mbele bila kuaga mke. Njiani dereva alikuwa ananisimulia habari za bei ya kahawa na mimi namjibu "eee" mahali ambapo hapakuwa pa "eee". Nilikuwa nahesabu matone kichwani. Alinitazama akasema, "Waitu, Ta Laurenti, wewe unaumwa." Nikamwambia siumwi, aendeshe tu.

Yaliyotokea karakana nilipokuwa barabarani nimesimuliwa na wote wawili, kwa nyakati tofauti, na hayapingani, kwa hiyo nayaamini.

Devotha alikifungua kile cha tatu kilichobaki mezani akakiweka kwenye mita. Kilikuwa kinapiga pole, pungufu kama robo. Alipima betri, nzuri. Akapima risista, nzuri. Akapuliza hewa ya vuguvugu kuondoa unyevu, hakikubadilika sana. Ta Mutalemwa alikuwa amesimama nyuma yake akisema kwamba kilipotoka kwa Laurenti kilikuwa sawa, yeye mwenyewe aliona mita. Basi Devotha akauliza, kilipotoka kwa Laurenti kilikwenda wapi? Akaegemeza uso karibu na bodi. Juu ya kapasita yake ya shaba, juu ya vile vidole visivyogusana, palikuwa na nta, nyeupe, imelala vizuri kama sukari juu ya keki. Fundi mzuri hadondoshi nta ovyo.

Akachukua kijiti akaikwangua. Mapigo yakapanda. Akakwangua zaidi, yakapanda zaidi, mpaka yakafika pale nilipoyaacha.

Nta si hewa. Ikikaa kati na juu ya shaba, kapasita inakuwa kubwa, na mapigo yanapungua kasi. Kwenye kapasita kubwa ya kununua, ya redio, iliyofungwa ndani ya ganda lake, nta haina pa kuingia. Kwenye kapasita iliyochorwa, iliyo wazi, ndogo kiasi kwamba hata unyevu wa pumzi unahesabika, nta ni mtu mzima aliyeketi juu ya mzani wa dhahabu.

Ta Mutalemwa alisema, "Basi ni nta yangu." Devotha akasema hapana, ni kapasita yake, kwa kuwa aliiacha wazi na hakumwambia mtu kwamba haitaki kufunikwa. Wakabishana tena, kila mmoja akijivutia kosa upande wake, mpaka Ta Mutalemwa akaketi chini na kufunika uso. Devotha anasema alilia. Yeye anasema ni moshi wa risasi. Nimeandika yote mawili.

Mkiniuliza mimi, nta peke yake ilikuwa desturi njema. Kapasita ile peke yake ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizoshika. Zilikutana mahali ambapo hakuna aliyesimama kupima, kwa sababu kila mmoja aliamini kupima kumekwisha kwa mwenzake. Na mimi nimo. Nilijua mpini wa mswaki ni wa nini. Nilijua kidole kinaingia kwenye redio. Sikuwaza kwamba nta nayo ni kidole, kisichoondoka.

Kwa hiyo, ninyi mnaofunika bodi siku hizi kwa varnishi na gundi za kisasa: funikeni kwanza, ndipo mtyuni. Acheni tundu la skrubu, zibeni mwisho kwa kitu kikavu, kisha pimeni tena kifuniko kikiwa kimefungwa, na betri ikiwa imechoka, na asubuhi yenye ukungu. Dakika ya kidude ilinganisheni na dakika ya kitu ambacho hamkukitengeneza ninyi. Devotha baadaye aliongeza nukta mbili za kulinganishia kwenye bodi, na kapasita sasa iko chini ya tabaka lake tangu kiwandani, mnaijua. Hayo ni maendeleo. Lakini tabia ya kupima baada ya kumaliza haimo kwenye bodi.

Devotha alinipigia nikiwa nimekaribia kufika. Alisema ameona sababu, vyote vitatu vimepakwa nta ileile, na kituoni bado simu haiingii.

Nilishuka nikatembea haraka kama mtu anayewahi mazishi, halafu nikapunguza, kwa kuwa niliogopa kufika.

Nesi Kokushubira alikuwa barazani ananawa mikono. Mama wa chumba cha pili alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike. Kabla sijauliza aliniambia kwamba simu yake iliishiwa chaji katikati ya hesabu, akaazima ya mume wa yule mzazi, ya vibonyezo, isiyo na sekunde. Alisubiri tarakimu ya dakika ibadilike, akahesabu mpaka ilipobadilika tena. Mara tatu. Akaweka sitini za kweli. Vidude vyote viwili alikuwa amevifunga kwenye mfuko na kuandika juu yake kwa kalamu nene: VISITUMIKE. Kwa hiyo nilichokimbilia kilikuwa kimeshafanywa na mtu aliyekuwa na kazi nyingi kuliko mimi.

Nilimwuliza mtoto. Akasema ni mapema kusema. Chupa sasa inashuka, lakini bado amelala usingizi mzito ambao yeye nesi haupendi, na hajakojoa, yaani maji hayajamtosha.

Niliingia. Mtoto alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria kwenye simu. Midomo imepasuka. Mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, khanga imefungwa kifuani, viatu vyake vina udongo wa shambani. Aliitikia salamu yangu vizuri, kisha akalitazama begi langu la ufundi.

"Wewe ndiye mwenye kile kidude?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Mapigo, nta, kapasita, tuko watatu. Yote yalikuwa kweli. Nikaona kwamba kila neno nitakalosema litakuwa la kujisaidia mimi.

"Ndimi," nilisema.

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Wanawake wawili wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha kuongea ili wasikie. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba watu wa mjini wanajaribia watoto wa watu vitu vyao, na mwenzake akamwambia anyamaze, mzee amekuja mwenyewe.

Mama yake Projestus akasema, "Anarusha mkono akishtuka. Sindano imetaka kuchomoka mara mbili. Mimi sijaenda haja tangu asubuhi. Kaa hapa umshike."

Nikakaa. Alinionyesha mahali pa kushika, juu ya kiwiko, si pale penye plasta, akatoka. Mkono ule ulikuwa mwepesi na wa baridi. Juu yangu matone yalikuwa yanadondoka kwenye kikombe kitupu kisicho na kidude, na sikuyahesabu. Sijui kwa nini. Nadhani niliogopa kwamba nikihesabu nitakosea.

Mama alirudi, hakuniambia niondoke, nami sikuondoka. Nesi alikuja akafinya ngozi ya tumbo, akaitazama ikikawia kurudi, akaenda. Akaja tena baadaye, akafinya, na safari hii alimwambia mama amtayarishie maji ya kunywa yenye ile dawa ya pakiti. Jua lilikuwa limehamia dirisha la pili. Tabibu alirudi na pikipiki, akasoma, akapima, akaniambia nilipomwuliza kwamba hawezi kuapa ni kiasi gani mtoto alicheleweshwa na kidude na kiasi gani ni ugonjwa wenyewe, pengine angekawia vilevile. Nimeliandika hilo kama alivyolisema. Sijalitumia kulala vizuri, na sijalificha.

Kisha kitanda kikalowa. Mama alikigusa kwa kiganja akaanza kucheka, kicheko cha ajabu, anasema kwa Kihaya amekojoa, amekojoa, kama mtu anayetangaza harusi. Wale wa vitanda vya jirani wakaitikia. Na mimi nilikuwa nimelowa suruali, sikusogea.

Mtoto alifumbua macho. Aliyekuwa karibu ni mimi, kwa hiyo alinitazama mimi, muda mrefu, bila kuogopa. Kisha akageuza uso akamwuliza mama yake, sauti imekauka, huyu mzee ni nani.

Mama yake alitazama mkono wangu ulivyomshika, akanitazama usoni.

"Alikuwa anangoja uamke," alisema, akamwinua kichwa amnyweshe.